Kukhu na Msichana Aliyefichwa Amukura

Nilirudi Mundika mwezi wa nane, wiki tatu baada ya kumzika nyanya yangu, kufungasha vitu vyake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nakunja blanketi la pili niliposikia mtu akikohoa nje, kile kikohozi cha mgeni anayetaka asikike bila kuita. Nikatoka. Penye ua wa michongoma alikuwa amesimama msichana wa miaka minane hivi, amevaa sare ya shule ingawa shule zilikuwa zimefungwa.

"Mwalimu ako?" akauliza.

Nikamwambia mwalimu alifariki. Alinitazama, kisha akautazama mlango ulio nyuma yangu, kama anayepima kama ninasema kweli. "Sawa," akasema, akageuka akaenda zake. Sikumuuliza jina wala kilichomleta. Nilisimama pale na blanketi mkononi hadi akapotea kwenye njia ya mtoni, na siku hiyo sikuweza kufungasha kitu kingine. Nilikaa kwenye kizingiti nikakumbuka mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nitakwambia wewe.

Sisi wa nyumbani tulimwita kukhu, kama Wakhayo wote wanavyowaita nyanya zao. Alifundisha shule za msingi miaka mingi, na alipokaribia kustaafu alienda kusomea ushauri wa watoto, akiwa mzee darasani kuliko waliomfundisha. Shule moja ya karibu ikampa kichumba cha kuhifadhia madawati yaliyovunjika, awe akizungumza na watoto humo kila Jumatano. Hakuja mtoto hata mmoja. Kukhu alikaa humo muhula mzima akifuma fulana, kabla ya kuelewa kwamba aliyeonekana akiingia kwenye mlango ule angechekwa hadi shule ifungwe. Basi akahamishia kazi jikoni kwake, siku ya Jumamosi, na akatangaza kwamba anatafuta watoto wa kumsaidia kuchagua maharagwe.

Hapo walikuja. Unaweza kuwa na shida yoyote duniani, hakuna atakayekucheka kwa kwenda kuchagua maharagwe ya bibi kizee.

Jiko lilikuwa nyumba ndogo ya udongo nyuma ya ile kubwa, limepakwa samadi ya ng'ombe, ndani moshi umeweka rangi ya chai juu ya kuta. Kukhu alibandika uji wa wimbi na mihogo tangu alfajiri, na watoto walipofika kila mmoja alipewa kikombe, halafu uteo, halafu konzi mbili za maharagwe. Hakuuliza swali. Alikaa kwenye kigoda chake na uteo wake mwenyewe, akichagua. Ungesikia mawe yakidondoka kwenye kopo, kuku wakiparura nje, na kwa mbali trela zikinguruma kuelekea mpakani. Wakati mwingine saa nzima ilipita hivyo. "Usimvute mtoto kwa ulimi," alizoea kuniambia. "Mpe mikono yake kazi, mdomo utakuja wenyewe."

Na ulikuja. Alikuwepo mmoja ambaye babake alipeleka trela Juba na hakurudi. Wengine walikuwa wametolewa shuleni ili wabebe mizigo kwenye njia za panya, kwa sababu mtoto haangaliwi sana na askari. Mama mmoja Mwislamu, mwenye duka la nguo mjini Busia, alimleta mwanawe aliyeacha kusema tangu duka la jirani lilipoungua na watu wakiwa ndani. Yule alichagua maharagwe Jumamosi saba. Ya nane akasema, "Hili ni bovu," akamwonyesha kukhu punje moja. Mamake, aliyekuwa akisubiri nje, alilia akajifunika uso kwa mtandio.

Siri ya maharagwe niliijua mimi tu. Yalikuwa yale yale. Ijumaa jioni kukhu aliyamwaga chini, akachota mawe na takataka kutoka kwenye kopo, akayarudisha na kuchanganya vizuri, ili kesho yake kuwe na kazi.

Mimi niliishi naye tangu nikiwa na miaka sita, mama yangu alipokufa. Baba alikuwa dereva wa magari ya masafa marefu, akija mara mbili kwa mwaka na sabuni na mkate wa Kampala. Nililala kitanda kimoja na kukhu, upande wa ukutani. Niliona ni haki yangu, na kwamba watoto wa Jumamosi walikuwa wageni wa siku moja tu. Wakiondoka, kukhu alibaki kuwa wangu.

Nilikuwa na miaka kumi msichana yule alipokuja. Yeye alikuwa na kumi na tatu, mrefu, shingo nyembamba, na alikuja katikati ya mvua za masika akiwa amefunga mkono wa kushoto kwa kitambaa cha leso. Wazazi wake wote walikuwa wamekufa, na aliishi kwa ami yake, ndugu wa babake, mtu aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli na kiti cha mbele kanisani. Alichagua maharagwe kwa mkono mmoja. Kukhu alimtazama mara moja tu, akasogeza uteo wake karibu naye, ukawa kama mkono wa pili.

Jumamosi ya nne alisema. Mimi nilikuwa nje, nikimenya mihogo, na ukuta wa jiko ulikuwa na tundu.

"Ami aliushika mkono wangu akauweka kwa mafiga ya moto," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. "Alisema nimekula nyama ya wageni. Si mimi niliikula."

"Na hata kama ungeila," kukhu akasema.

Baada ya hapo sikusikia kitu. Nilipochungulia, niliona kukhu amekifungua kile kitambaa, ameinama, na midomo yake inacheza bila sauti.

Jumatatu alienda kwa chifu. Nilifuatana naye kwa sababu nilikuwa na homa na hakutaka kuniacha peke yangu. Chifu alimpa kiti, akamsikiliza, akafunga daftari lake polepole.

"Mwalimu, hayo ni mambo ya nyumba," alisema. "Yule mzee tunamjua. Si mkae chini muelewane?"

"Nikae chini na nani? Na mkono wa mtoto?"

"Mimi nakwambia tu vile watu watasema."

Kukhu alinyanyuka. Kutoka hapo tulienda kwenye ofisi ya watoto mjini, tukaambiwa afisa yuko nje ya kituo, turudi wiki ijayo. Tukarudi wiki ijayo, na iliyofuata. Lakini siku ile ile ya kwanza, tukitoka mjini, kukhu alipitia shuleni, akamngoja msichana yule langoni, akaja naye nyumbani.

Sitaki nikudanganye kuhusu wiki tatu zilizofuata. Ningeweza kusema tulikuwa kama dada na dada, na hakuna ambaye angenipinga. Ukweli ni kwamba nilimchukia. Alipewa upande wangu wa ukutani, kwa sababu mkono wake haukutakiwa kuguswa, mimi nikalazwa miguuni. Alipewa sweta yangu ya buluu. Kukhu alimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi kila asubuhi, akimwimbia kwa sauti ya chini nyimbo alizokuwa akiniimbia mimi mama alipokufa. Msichana mwenyewe hakunifanyia ubaya wowote. Alinifundisha kusuka mkeka wa wanasesere kwa majani ya migomba. Nilisubiri alipolala nikaufumua.

Watu wa ami yake walianza kuja. Kwanza walikuja kwa adabu, wakakaa sebuleni, wakanywa chai. Halafu wakaja wakisimama uani. Halafu mchana mmoja mawe yalianguka juu ya mabati, matano au sita, na tulipotoka hatukuona mtu. Kanisani wanawake waliozoea kukaa na kukhu walisogea benchi moja mbele. Jirani yetu, ambaye kukhu alimzalisha watoto wawili kwa mikono yake, aliacha kuja kuomba moto.

Hatimaye afisa wa watoto alipatikana, akaandika maelezo, akasema kesi itasomwa Alhamisi. Kukhu hakuamini kwamba tungefika Alhamisi salama. Jumapili mchana, watu wakiwa kanisani, alimpandisha msichana kwenye bodaboda ya baiskeli hadi barabara kuu, akampeleka Amukura kwa rafiki yake, mwalimu mwenzake aliyestaafu na kuishi peke yake. Aliporudi alinikalisha kwenye kigoda.

"Akikuuliza mtu, wewe hujui," alisema. "Hata akiwa chifu, hata akiwa pasta. Umesikia?"

"Nimesikia, kukhu."

"Nakuambia kwa sababu wewe ni mkubwa sasa."

Nilifurahi kuambiwa mimi ni mkubwa. Nilifurahi zaidi usiku ule, niliporudi upande wangu wa ukutani.

Jumanne kukhu alienda mjini kuonana na afisa. Nilikuwa nikipeta wimbi uani alipoingia mke wa yule ami. Nilitarajia matusi. Badala yake alikaa chini kwenye nyasi pamoja nami, akanyoosha miguu kama mtu aliyechoka, akafungua gazeti lenye mandazi ya moto.

"Kula, mama," akaniambia. "Kukhu yako ametoka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi sina vita na mtu. Nataka tu kumpelekea yule mtoto nguo zake, anatembea na nguo za kuomba. Si hiyo sweta ni yako alivaa?"

Nikasema ni yangu.

"Unaona sasa. Akipata zake, atakurudishia. Ako wapi?"

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu. Watu wakisikia kisa cha namna hii husema, maskini, alikuwa mtoto, alidanganywa. Sikudanganywa. Nilijua kwamba hakuna nguo. Hakuwa amebeba mfuko wowote, alikuwa na lile gazeti tu. Niliuona uongo wake wazi kama unavyoyaona maandishi haya, na nikamwambia. "Amukura. Kwa mwalimu mwenye nyumba ya mabati mekundu, ukipita kinu cha kusaga." Sikuwaza kwamba wangemuumiza. Niliwaza tu kwamba hatarudi.

Alinipapasa kichwa. Nilikula mandazi mawili, la tatu nikamtupia kuku.

Jumatano saa nane mchana yule mwalimu wa Amukura alifika kwetu, viatu mkononi, miguu imejaa tope. Alikuwa ameenda shambani kuchuma kunde, si zaidi ya nusu saa. Watoto wa jirani yake walimwambia kwamba pikipiki mbili zilikuja, msichana akawekwa katikati ya wanaume wawili, wakaelekea upande wa Malaba, mpakani mwa Uganda. Hakupiga kelele, watoto walisema. Alikuwa amevaa sweta ya buluu.

Kukhu hakukaa hata kidogo. Alivaa koti lake la mazishi juu ya nguo za nyumbani akaenda Malaba, na alinichukua, kwa sababu sasa aliogopa kuniacha. Sijawahi kuona trela nyingi namna ile. Zilipanga foleni hadi upeo wa macho, madereva wamelala chini yake kwenye vivuli, wanawake wakipita katikati na ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha, na kila mahali watu wakivuka: kwa miguu, kwa baiskeli, wengine wakishuka bondeni kuvuka mto bila kupita kwa askari. Kukhu aliwaendea maafisa mmoja baada ya mwingine, akieleza urefu wa msichana, rangi ya sweta, mkono. Mmoja wao, kijana mpole, alimshika bega.

"Mama, kwa siku hapa wanapita watoto wangapi? Na hao wanapita hapa. Je, wale wa huko chini?"

Alhamisi kesi iliitwa, na mlalamikaji hakuwepo. Ami yake aliiambia korti kwamba mtoto ameenda kwa wajomba zake Uganda kwa hiari yake, na kwamba mkono ni ajali ya jikoni. Hapo ndipo mambo yalipoishia. Jumapili alikaa kwenye kiti chake cha mbele.

Jioni ya siku hiyo ya korti kukhu aliniita jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Akanipa uteo na konzi mbili za maharagwe, akaanza kuchagua yake. Nilielewa. Mimi niliyejua siri ya maharagwe yale nilikalishwa nayo kama mtoto yeyote wa Jumamosi. Nilichagua mpaka mawe yakaisha. Kukhu akaniongezea, nikachagua hayo pia. Nje mvua ilianza, ikanyesha, ikakatika. Sikusema. Alirudia kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne hakuniita, akaniambia tu niende nikalete maji.

Kwa miaka miwili kila Alhamisi alivuka mpaka. Alibeba picha ya darasa la sita ambamo alimzungushia msichana duara la kalamu nyekundu kichwani, akaionyesha kwa wauza samaki, kwa wenye hoteli, kwa mapadri, Tororo na hata Mbale. Alirudi miguu imevimba, nami nikampashia maji ya chumvi, nikamkanda bila kumtazama usoni. Mara moja mwanamke anayeuza vitenge alimwambia kwamba amemwona msichana mwenye mkono ulioungua akiosha vyombo katika hoteli moja Mbale. Kukhu alienda siku iyo hiyo. Wenye hoteli walisema alikuwepo, ni kweli, lakini aliondoka mwezi uliopita, na alikuwa na mimba. Habari ya mwisho ilikuwa hiyo. Baada yake hakuna aliyewahi kumwona.

Watoto wa Jumamosi walipungua. Wazazi wengine waliwakataza, wakisema mwalimu yule huvunja nyumba za watu. Wachache waliendelea kuja kwa kujificha, na kukhu aliendelea kuwabandikia uji, lakini hakumficha tena mtoto yeyote. Alisikiliza, aliandika barua kwa ofisi, alisubiri majibu. Nadhani hicho ndicho tulichomwondolea, mimi na wale wengine. Kabla ya hapo aliamini kwamba akimkumbatia mtoto kwa nguvu, anaweza kumshikilia.

Nilikua. Nikaenda shule ya bweni, nikaenda chuo Eldoret, nikapata kazi ya ukarani hospitalini Kitale. Nilimwandikia barua ya kukiri mara tatu, na zote nikazichana. Nilijiambia kwamba hajui, na kwamba kumwambia ni kumwua. Kila likizo nilienda na sukari na majani ya chai, akaniuliza kuhusu kazi, nikamwuliza kuhusu magoti yake.

Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi, na baadaye akili yake ikaanza kuchanganya watu. Aliweza kukueleza shamba la babake lilipakana na nani, halafu akakuuliza wewe ni mke wa nani. Mwezi wa sita nilienda kumwona. Ilikuwa mchana, jua kali. Alikuwa ameketi kitandani ameegemea mto, binti wa jirani amemchana nywele zake nyeupe zikawa laini kama pamba. Nilipoingia alinitazama muda mrefu, kisha uso wake wote ukafunguka, akaniita. Aliniita kwa jina la yule msichana.

"Umerudi," alisema.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilikutafuta sana. Walikwambia nilikuwa nakutafuta?"

"Waliniambia, kukhu."

"Nilifika mpaka pale ulikuwa unaosha vyombo." Akavuta pumzi. "Yule mtoto wangu, usimwekee kinyongo. Yule mdogo. Aliongea tu. Ni mimi nilimwachia jambo zito, na nilijua ana wivu. Niliona ule mkeka alifumua. Nilikuwa mwalimu wa watoto, na nikakosa kumwona aliyekuwa kwangu."

Nje kuku walikuwa wanagombana. Alinishika kiganja kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu.

"Umemsamehe?"

Sikuwa na ruhusa ya kujibu. Aliyekuwa na ruhusa alikuwa mahali nisipopajua, au hakuwa popote. Lakini kukhu alikuwa akinisubiri, macho yake usoni pangu, na pumzi yake ilikuwa fupi, na niliona kwamba asingelala mpaka nijibu.

"Nimemsamehe," nikasema.

"Asante, mama," akasema, na akafumba macho. Alifariki wiki tano baadaye, mimi nikiwa kazini.

Watu wa Mundika walimsifu sana siku ya mazishi. Chifu wa siku hizi, ambaye hakumjua, alisoma karatasi ndefu. Ami wa msichana alishakufa zamani, akazikwa kwa heshima. Mwalimu wa Amukura naye hayupo, na mabati yake mekundu yaling'olewa na wajukuu. Katika kijiji chote sikuona mtu ambaye mtoto anaweza kumkimbilia Jumamosi na mkono uliofungwa. Nilisikiliza hotuba zote nikiwa nimevaa nyeusi, mjukuu mpendwa, na kila aliyepita aliniambia nimelelewa na mtakatifu.

Ni kweli. Kwa miaka kumi na tisa alijua nilichofanya, akanilisha, akanisomesha, akanipenda, na hakunitajia hata siku moja. Tulikuwa wawili tuliojua. Na yule msichana, kama yu hai, ana miaka thelathini na miwili mwaka huu. Hajawahi kuulizwa kama amenisamehe.